Kuku wa Jirani: Mhadhara Kuhusu Mifugo ya Uani

 

Nimeombwa kuzungumzia maisha ya kila siku ya mtu anayeishi na wanyama wachache nyumbani kwake. Simsemei mwenye mamia ya ng'ombe kule Simanjiro, wala mwenye mabanda ya kuku wa nyama pembezoni mwa Dar es Salaam. Namsemea mwenye kuku kumi na tano, mbuzi wawili watatu, ng'ombe mmoja wa maziwa, paka na mbwa wa kulinda. Kaya hiyo iko Marangu, iko Lushoto, iko Mgeta, iko Kisii. Mafunzo mengi ya ugani huieleza kana kwamba imejitosheleza ndani ya uzio wake: ina banda lake, ina daftari lake, na mwenye nyumba ndiye mwenye uamuzi. Mimi nasema hakuna mfugo wa uani unaofugwa na kaya moja. Afya yake, uzao wake, hata maziwa yake vimo mikononi mwa nyumba zinazoizunguka. Kila tunapopanga huduma huku tumelisahau jambo hilo, wanyama wanakufa na watu wanarudi nyuma.

Nianze na kuku. Kuku wa kienyeji hufunguliwa alfajiri, naye hurudi mwenyewe jua likizama. Katikati ya saa hizo mwenye kuku hajui hasa alikokwenda. Amechakura chini ya migomba ya jirani, amekunywa maji kwenye dimbwi la bombani, amepigana na jogoo wa nyumba ya tatu. Chakula chake kikubwa ni kile alichojiokotea: wadudu, mbegu, makombo, majani machanga. Ndiyo maana gharama ya kumfuga ni ndogo, na ndiyo maana ugonjwa wa nyumba moja haukai nyumba moja.

Tetea hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, kisha huatamia kwa siku 21. Hapo mama mwenye nyumba ana hesabu ya kufanya: mangapi wale watoto, mangapi yaende dukani kubadilishwa na chumvi na sabuni, mangapi abakishiwe kuku. Vifaranga wakishatoka, wiki za mwanzo ndizo za hatari. Kuna mwewe, nguchiro, kicheche, mvua ya baridi, na kwato za ng'ombe. Nyumba yenye uangalifu huwafunika kwa tenga mchana, pamoja na maji kwenye kifuniko na pumba kidogo, mpaka wapate nguvu ya kukimbia. Tenga moja lililosukwa vizuri huokoa vifaranga wengi kuliko nusu ya dawa zinazopangwa kwenye rafu za maduka ya pembejeo. Nalisema hili kwa uhakika, na ningependa kila ofisa ugani aanzie hapo kabla hajafungua mkoba wake.

Lakini tenga halizuii mdondo. Ugonjwa huu, ambao wengine huuita kideri, ulielezwa kitaalamu mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, mji ulioupa jina lake la Kizungu. Ni ugonjwa wa virusi. Kuku huzubaa, hushusha mbawa, huharisha kijani, hupumua kwa taabu. Baadhi hupinda shingo hata kichwa kikatazama mgongoni. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua karibu wote kwa siku chache. Tiba hauna.

Sasa tazameni kinachotokea kijijini. Kuku wawili wamekufa nyumba ya juu. Kabla ya magharibi habari zimefika nyumba ya chini, ambako mama mmoja ana kuku ishirini. Anawaza: kesho huenda nisiwe na hata mmoja, afadhali niwauze leo. Anawafunga miguu, anawapeleka gulioni. Baadhi yao wanaonekana wazima lakini tayari wamebeba virusi. Mchuuzi anawanunua wote kwa bei ya kutupa, anawapakia kwenye baiskeli, anawafikisha kijiji cha pili. Kwingine wanaodhoofika wanachinjwa haraka; utumbo na manyoya yanatupwa jalalani, mbwa wanayaburuta hadi njiani. Kila mtu katika mlolongo huo ametenda lililo jema kwa watoto wake, na kwa pamoja wameueneza ugonjwa tarafa nzima. Mimi simlaumu hata mmoja. Ada ya shule haingoji. Ninachosema ni kwamba ukimfundisha kila mmoja peke yake hutapata matokeo, kwa sababu kila mmoja peke yake ameshafanya alilopaswa kufanya.

Chanjo ipo, na ni nzuri. Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitengeneza chanjo iitwayo I-2, inayovumilia joto kuliko zile za zamani, na mbegu yake ikatolewa kwa nchi zinazoendelea ili zijizalishie zenyewe. Tanzania huizalisha kupitia Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Kuvumilia joto si jambo dogo kwa kijiji kisicho na jokofu. Chanjo bado inahitaji ubaridi na kivuli, lakini haiharibiki kwa safari ya saa chache ikiwa imefungwa kwenye kitambaa kibichi ndani ya kikapu.

Niruhusuni nieleze jinsi inavyotolewa, kwa maana humo ndimo ulimo ugumu wenyewe. Kuku hushikwa giza likianza kuingia au alfajiri kabla ya kufunguliwa. Mchana utawakimbiza mpaka uchoke. Mtoto wa nyumba ndiye anayejua kila mmoja alikolala: huyu juu ya pipa, yule kwenye tawi la mparachichi, wale watatu nyuma ya kuni. Mmoja anashika, mwingine anachanja. Mchanjaji anakilaza kichwa cha kuku ubavu hadi jicho moja litazame juu, anasimamisha kichupa wima bila kugusa jicho, na kuachia tone moja. Halafu anasubiri. Kuku akipepesa na tone likaenea juu ya jicho, amechanjwa. Likitiririkia shavuni, linarudiwa. Jicho moja linatosha, na tone la kifaranga ni lile lile la jogoo. Kuku aliyekwisha kuugua haguswi. Baada ya miezi mitatu kazi hiyo inarudiwa, na hapo ndipo vijiji vingi huishia, kwa sababu mara ya pili haina sherehe wala mgeni kutoka wilayani.

Kichupa kimoja huwa na dozi za kuku wengi, mara nyingi mia na zaidi, na kikishafunguliwa hakikai. Mama mwenye kuku kumi na tano akikinunua peke yake amemwaga fedha. Nyumba kumi zikikinunua pamoja, gharama kwa kila kuku inakuwa ndogo kuliko bei ya yai. Tena akichanja peke yake huku majirani wote hawakuchanja, kuku wake wazima watapona, lakini vifaranga wote wanaoanguliwa baadaye watakutana na virusi kwenye dimbwi lile lile la bombani kabla zamu yao ya tone haijafika.

Kufanya kazi hii kwa pamoja kunawezekana, na ushahidi tunao katika historia yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe waliokuwapo. Njaa ikafuata, ndoa zikakosa mahari, jamii nzima za wafugaji zikatawanyika. Baadaye Walter Plowright, akifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alitengeneza chanjo iliyomkinga ng'ombe kwa maisha yake yote, kazi iliyompatia Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999. Mwaka 2011 ikatangazwa rasmi kwamba sotoka imetoweka duniani. Ni ugonjwa wa pili kufutwa na binadamu, baada ya ndui. Haukufutwa kwa matajiri kukinga mazizi yao. Ulifutwa kwa kulifikia zizi la mwisho kabisa, na katika maeneo magumu waliolifikia ni wafugaji wenyewe, waliofundishwa kuchanja na kubeba chanjo mgongoni kwa miguu.

Mbwa nitamgusa kwa kifupi. Wataalamu wa afya wanatwambia kwamba kichaa cha mbwa hukatika katika eneo iwapo angalau asilimia 70 ya mbwa wake wamechanjwa. Soma takwimu hiyo kwa jicho la mwenye mbwa mmoja: mbwa wake akichanjwa na saba katika kila kumi hawakuchanjwa, mtoto wake bado yu hatarini njiani kwenda shule. Na kwa kuwa baadhi yenu mtaulizwa, mseme hivi: aliyeng'atwa aoshwe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano. Dalili zikishaanza, hapana dawa itakayomrudisha.

Twende kwenye ng'ombe, na hapa naomba mnivumilie, maana ndiko moyo wangu uliko.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi pembeni, na ng'ombe ndani ya banda. Kihamba cha Shimbwe Juu kiliingizwa na FAO mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima, na kilistahili. Ng'ombe hatoki kwenda malishoni. Malisho ndiyo yanayomfuata. Mengi hutoka tambarare huko chini na kupandishwa mlima yakiwa mzigo kichwani mwa mwanamke. Kiangazi kikibana, shina la mgomba hukatwakatwa na kutiwa horini. Lina maji mengi na lishe kidogo, kwa hiyo linamtuliza ng'ombe bila kumshibisha kweli, na mwenye ujuzi hulichanganya na majani mengine na pumba. Samadi hurudi chini ya mgomba ule ule. Kihamba kisicho na ng'ombe hujulikana kwa macho baada ya misimu michache: mikungu inafupika.

Mnyama aliyefungwa hawezi kujitafutia kitu. Ng'ombe wa maziwa anahitaji lita 40 hadi 60 za maji kwa siku, na zaidi akiwa anakamuliwa sana. Hizo ni ndoo kubwa mbili, tatu, wakati mwingine nne. Asipoletewa, ananyamaza tu na maziwa yanapungua. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampatie chakula, maji na matunzo, na naiunga mkono kwa nguvu zote. Lakini kabla ya sheria kuna mtu anayezibeba ndoo hizo, na kwa kawaida ni mama au binti. Hatuwezi kudai ustawi wa ng'ombe huku tukifumbia macho shingo ya aliyembebea maji. Bomba likisogezwa karibu na kitongoji, hiyo nayo ni huduma ya mifugo, ingawa hamtaiona kwenye bajeti ya mifugo.

Mtazameni anayekamua kwa uangalifu. Anaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, anakikausha kwa kitambaa safi. Mikupuo ya kwanza haiendi kwenye ndoo. Anaivutia kwenye kikombe cheusi na kukiinamisha polepole. Akiona vibonge, majimaji au uzi wa damu, anajua kuwa chuchu ile ina ugonjwa wa kiwele. Anaikamua ya mwisho, ananawa, na maziwa yake hayachanganywi na mengine. Kazi hiyo ni ya dakika moja tu. Wengi hawaifanyi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha, kwa kuwa mafunzo yaliitishwa saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi anayekamua yuko tambarare anakata majani. Aliyehudhuria ni baba, ambaye jina lake limo kwenye daftari. Baba huyo namheshimu, lakini mkono uliopaswa kujifunza haukuwapo.

Halafu kuna suala la joto, ambalo limewafilisi wengi kimyakimya. Katika kundi kubwa ng'ombe mwenye joto hujulikana kirahisi, kwa kuwa husimama akapandwa na wenzake. Wa kihamba yuko peke yake. Kinachobaki ni dalili ndogo: analia bila sababu, hatulii, ute mwangavu kama ule wa yai unaning'inia chini ya mkia, maziwa ya jioni yamepungua kidogo. Akionekana asubuhi, mhimilishaji anapaswa afike jioni hiyo. Akionekana jioni, kesho asubuhi. Mbegu zitokazo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, huhifadhiwa kwenye nitrojeni kimiminika, na mhimilishaji huja na mtungi wake kwa pikipiki. Saa zikipita, ni kungoja tena siku 21, na hizo ni siku za kumlisha ng'ombe ambaye hajashika mimba. Wapo majirani waliokubaliana kwamba kila apitaye na kumsikia ng'ombe wa mwenzake akilia kwa namna ile aingie kusema. Ni makubaliano madogo, hayana fomu, na yameongeza ndama.

Asiyempata mhimilishaji humpeleka ng'ombe kwa dume la jirani. Hapo tuwe waangalifu. Dume moja likipandishwa ng'ombe wa kitongoji kizima kwa miaka mingi, hatimaye linawapanda binti zake, na ugonjwa wa kutupa mimba unaweza kupita banda hadi banda. Hali ni hiyo hiyo kwa jogoo asiyebadilishwa, na kwa beberu. Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, walikopelekwa mbuzi wa maziwa wa Kinorwe miaka ya 1980 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wafugaji wamelazimika kumfikiria beberu kama mali ya kundi: nani anamtunza, amekaa muda gani, lini ahamishiwe kwingine. Nyumba yenye mbuzi wawili haina sababu ya kulisha beberu wake yenyewe.

Wazee hawahitaji kufundishwa hili. Kilimanjaro na kwingineko, mwenye ng'ombe wengi aliwakabidhi baadhi yao kwa wasio na ng'ombe. Mtunzaji alipata maziwa na samadi, na katika mapatano mengine alipata sehemu ya uzao; mwenye mali alikuwa na uhakika kwamba ugonjwa ukivamia zizi lake hautammaliza. Mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe ulipokuja, ulikuta udongo umeshalimwa. Chanzo chake ni mkulima wa Marekani, Dan West, na shirika lililopeleka mitamba ya kwanza Puerto Rico mwaka 1944. Masharti ni kwamba aliyepewa mtamba atampa mwenzake ndama jike wa kwanza. Wengi husifu ukarimu wa mpango huo. Mimi huvutiwa zaidi na kile kipindi cha kungoja. Anayesubiri ndama ana sababu ya kupita kila wiki kuangalia hori lina nini, sakafu ni kavu, mama mtu ananenepa au anakonda. Kabla hajamiliki hata kwato moja ameshakuwa mfugaji. Na anayepita hivyo huona kupe sikioni mapema, na ndigana kali ikionwa mapema bado hutibika.

Maziwa nayo hukutana. Wanawake wa Nronga, wilayani Hai, walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, na mpango ni ule tuujuao sehemu nyingi: kila mmoja analeta lita zake chache, zinapimwa, zinamiminwa kwenye keni moja. Ndani ya keni hilo hakuna maziwa ya fulani na ya fulani. Mmoja akiwa amemchoma ng'ombe wake sindano ya antibiotiki jana na leo amekamua akaleta, dawa hiyo imeingia kwenye maziwa ya wote, na kwenye kikombe cha mtoto wa shule. Muda wa kungoja umeandikwa kwenye chupa ya dawa, kwa herufi ndogo na kwa lugha ambayo wengi hawaisomi. Nawaomba vijana mnaosomea udaktari wa mifugo: mkishamchoma sindano, msiondoke kabla ya kumwambia mkamuaji, kwa siku na saa, maziwa yasipelekwe mpaka lini. Na vyama vya ushirika vifikirie jinsi ya kumfidia aliyemwaga maziwa kwa uaminifu, kwa sababu asiyefidiwa atashawishika kuyaleta.

Mmeniuliza kabla ya mkutano nini kifanyike kwanza. Nimeyasema mengi, lakini la kwanza ni tone la mdondo, kwa kuwa linawezekana mwezi huu. Kila kitongoji kichague wachanjaji wawili, na angalau mmoja wao awe mwanamke, kwa sababu ataingia uani jioni bila mtu kushtuka. Siku ipangwe kwa kuangalia gulio ni lini, chanjo itangulie walau wiki chache kabla ya msimu ambao ugonjwa huzoea kuja, na tarehe ya kurudia baada ya miezi mitatu iandikwe siku ile ile, ukutani, mahali watoto watakapoisoma. Watoto waambiwe mapema, maana ndio wajuao kuku wamelala wapi. Mchanjaji alipwe kwa kila kuku. Akifanya bure, mara ya tatu hatakuja. Na nyumba isiyo na fedha jioni hiyo ichanjiwe kwanza, ilipe yai, au ilipe baada ya gulio lijalo. Wasirukwe hata kama ni wale wale wanaodaiwa tangu mzunguko uliopita, kwa kuwa kuku wao watano wakiachwa, waliolipa wamelipia nusu ya kinga.